Kifaa cha maumivu "kimefeli"? Maswali yenu

Maswali yamejaa kuhusu ule utafiti wa Norway wa 2022, wa kifaa kinachopandikizwa mwilini kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo. Haya twende.

Wagonjwa walipata nafuu, sasa mbona tunaambiwa hakifanyi kazi?

Hapa ndo penyewe. Walikuwa watu 50, wote walishapasuliwa mgongo na bado maumivu yanashuka mguuni, wakawekewa kifaa halafu kikawa kinawashwa miezi 3, kinazimwa miezi 3, kila hali mara mbili, na mgonjwa hajui saa hizi kiko hewani au kimelala (umeme wenyewe ni wa aina ambayo mtu hausikii mwilini). Wakapimwa maumivu yanavyowazuia kufanya shughuli, alama 0 mpaka 100. Walianzia 44.7. Kifaa kikiwashwa zikashuka 10.6, kikizimwa zikashuka 9.3. Ukioneshwa ile 10.6 peke yake utapiga vigelegele, ila kazi ya umeme hapo ni pointi 1.3 tu, na hata hiyo inaweza kuwa bahati nasibu.

Kama kilizimwa, hiyo 9.3 imetoka wapi?

Mtu anaingia kwenye utafiti maumivu yakiwa yamepamba moto, na maumivu sugu hupanda na kushuka, kwa hiyo mengine yangeshuka hata bila kuguswa. Weka na matumaini, weka na madaktari wanaokufuatilia kila mara. Hakuna aliyeigiza jamani, nafuu ilikuwa ya kweli, ila haikutoka kwenye betri.

Watu 50 si wachache?

Wachache ndiyo, lakini kila mmoja alilinganishwa na yeye mwenyewe so hao 50 wanabeba uzito kuliko mnavyodhani. Hoja ninayoikubali ni kwamba ilijaribiwa aina moja tu ya umeme, kwa hiyo usizifungie mlango aina nyingine zote. Ila nacheka kidogo, maana hawa wanaolalamikia idadi leo, utafiti mdogo ukisifia kifaa huwa kimya kabisa.

Mama anacho na anasema kinamsaidia, tukitoe?

Msikimbilie huko, kukitoa nako ni kisu kingine. Muulizeni daktari wake kama kinaweza kuzimwa kwa muda muone inakuwaje. Kwa ambaye hajawekewa bado, swali ni tofauti: kwenye utafiti huohuo watu 9 walipata madhara, na 4 kati yao ikabidi wapasuliwe tena kukirekebisha.