Maswali na Majibu: "Oksijeni imebaki ya saa 6"

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Naandika hadithi ya kubuni ya kisayansi, na sisi wapenzi wa hadithi hizi hapa Urambo tumebishana wiki nzima. Watu 40 wanaishi Mirihi ndani ya pango lililoachwa na lava. Wameziba kuta zake na kulijaza hewa kama ya kwetu. Pango lina urefu wa mita 200, upana 30 na kimo 10. Siku moja kifusi kinaziba mlango, umeme unakatika, kamanda anatazama geji: oksijeni imebaki ya saa 6. Mwenzangu mmoja anasema saa 6 ni nyingi mno. Wa pili anasema wakiwa na bustani ya migomba na mitungi ya oksijeni safi watakaa hata mwezi. Wa tatu anasema wawashe mshumaa, ukizimika ndiyo mwisho wao. Nani yuko sahihi? Halafu, shujaa wangu anaweza kuingia kwenye handaki lililojaa moshi na kumtoa baba yake?
Msomaji, Urambo

JIBU: Marahaba. Kati yenu hakuna aliyepata, na kamanda wako ndiye aliyekosa kuliko wote.

Nimefanya kazi ya kupeleka hewa chini ya ardhi kwa miaka mingi, na sasa nazungukia wachimbaji wadogo wa Nzega. Kauli inayonichosha kila mahali ni hii: "hewa imeisha." Naisikia duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, naisikia kwenye sinema, na sasa imefika Mirihi. Watu wanaifikiria hewa kama maji ya ndoo: unachota, unachota, mwisho unakwangua sakafu. Hewa ya chumba kilichofungwa haiendi hivyo. Inachafuka, na uchafu wake unakuua oksijeni ingali ipo.

Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5. Kizibe kabisa, muweke mtu mmoja. Mtu mzima hutumia oksijeni kama gramu 840 kwa siku na hutoa hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayokaribia kilo moja. Baada ya siku moja hewa ukaa imefika kama asilimia 2.5, na oksijeni imeshuka kutoka 20.9 hadi kama 18. Siku ya pili hewa ukaa inakaribia 5: kichwa kinapasuka, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Siku ya tatu imepita 7, na hapo mtu anazimia. Sasa tazama oksijeni siku hiyo ya tatu: bado iko kama asilimia 12. Wapanda Kilimanjaro hupata oksijeni kiasi hicho hicho kwa kila pumzi wakifika mita 4,000 na kitu, na wengi wao wanarudi salama wakiwa na picha.

Kwa hiyo geji ya kamanda wako inapima kitu kisicho na haraka.

Tuingie kwenye pango. Ujazo wake ni mita za ujazo 60,000. Watu 40 hutoa hewa ukaa kama mita za ujazo 22 kwa siku. Kufikia asilimia 1 tu, kiwango cha kuwaletea uchovu na malalamiko, watahitaji siku kama 27. Siku hiyo oksijeni itakuwa imeshuka kwa asilimia moja na kidogo tu. Saa 6 ulizowapa hazitoshi hata kuifanya hewa inuke jasho. Yule aliyesema saa 6 ni nyingi mno, mwambie aje darasani kwangu akae mbele.

Ukizing'ang'ania saa 6 zako, basi usiwaibie pumzi, watobolee ukuta. Nje, hewa ya Mirihi ina mgandamizo usiofika asilimia 1 ya wetu, kwa hiyo ya ndani itatoka kwa nguvu. Tundu la sentimita 10, upana wa mdomo wa kikombe kikubwa, litawatolea zaidi ya theluthi ya hewa yao yote ndani ya saa hizo 6. Hapo kamanda ana haki ya kutokwa jasho, ila geji anayopaswa kuitazama ni ya mgandamizo.

Mfano wa kweli unao, na ni wa zamani kuliko miaka yangu kazini. Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka ndani ya Apollo 13, safari ikielekea mwezini. Lovell, Swigert na Haise wakahamia kwenye chombo cha kutua mwezini, kilichotengenezwa kwa watu wawili na kwa siku kama mbili. Wao walikuwa watatu, na safari ya kurudi ilikuwa karibu siku nne. Ukimwuliza mtu yeyote barabarani walikaribia kufa kwa nini, atakwambia oksijeni. Kumbe oksijeni ndani ya kile chombo iliwatosha. Kilichopanda ni hewa ukaa. Vichujio vya haidroksaidi ya lithiamu vya chombo hicho vilikuwa vya mviringo na vinaelekea kuchoka. Vya chombo kikubwa walichotoka walikuwa navyo, lakini vya mraba, haviingii. Wahandisi huku duniani wakakaa na vitu walivyojua vimo ndani ya chombo, wakabuni kiunganishi cha mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo, mirija ya suti na utepe wa gundi. Wakawasomea wenzao hatua kwa hatua redioni. Hewa ukaa ikashuka. Hiyo ndiyo hadithi ya kuandika, kijana: watu wamekaa juu ya oksijeni ya kutosha na wanakufa kwa pumzi zao wenyewe kwa sababu duara haliingii kwenye mraba.

(Nyuki wa misitu ya Sikonge wanalijua hili bila shule. Kundi kubwa ndani ya mzinga wenye tundu moja dogo, na utawakuta wamejipanga mlangoni wakipiga mabawa, wanasukuma nje joto na pumzi chafu. Wanaanga nao hulala karibu na feni, maana pasipo uzito pumzi uliyoitoa haipandi wala haishuki, inaweza kukaa hapo hapo usoni kwako.)

Migomba sasa. Nitakuwa mfupi. Mmea hukupa oksijeni kwa kiasi cha kaboni uliyoifungia mwilini mwake, na siku ukiula, ukioza au ukiungua, deni linalipwa lote. Bustani si kiwanda cha hewa, ni mkopo. Septemba 1991 watu 8 walijifungia ndani ya Biosphere 2 huko Arizona, nyumba ya vioo ya zaidi ya hekta moja yenye msitu, shamba na bahari ndogo. Oksijeni ikashuka kutoka 20.9 hadi kama 14.5 kwa muda wa miezi 16, mpaka Januari 1993 ikabidi waongezewe kutoka nje. Walioila ni vijidudu vya udongo uliojazwa mboji nyingi. Mbona hewa ukaa haikuwamaliza kwanza, kama ninavyodai? Zege la jengo liliinyonya na kuigeuza chokaa. Ndiyo mara pekee ninayoijua ambapo watu walipungukiwa oksijeni kabla ya kuzidiwa na hewa ukaa, na ilihitaji ukuta wenye njaa. Mkitaka mimea ifanye kazi hiyo kweli, igeni Warusi wa Krasnoyarsk: ndani ya BIOS-3, makazi yao ya majaribio yaliyofungwa, mtu mmoja alihitaji mwani wenye eneo la mita za mraba kama 8 chini ya taa, usiku na mchana. Umeme ukikatika, kama kwenye hadithi yako, mimea nayo inaanza kuvuta oksijeni hiyo hiyo.

Mitungi ya oksijeni safi ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini nikanywe maji kwanza.

Januari 1967 wanaanga watatu wa Apollo 1 walikuwa kwenye zoezi, chombo kiko ardhini, ndani kimejazwa oksijeni tupu. Cheche moja. Hakuna aliyetoka. Februari 1997 ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, kilichowaka ni chombo chenyewe cha kutengenezea oksijeni, kikajaza kituo moshi. Oksijeni ukiizidisha haikuongezei maisha, inaongezea moto hamu ya kula. Nguo, nywele, grisi mkononi, vyote vinakuwa kuni. Na haipunguzi hewa ukaa hata chembe. Chumba kikiwa na hewa ukaa asilimia 7, unaweza kumwaga oksijeni mtungi mzima na mtu akazimia vile vile.

Naandika kwa hasira kwa sababu mwaka jana nilimkuta mtu, nisiyetaka kumtaja, akiwakodishia wachimbaji mitungi ya oksijeni ya kuchomelea vyuma. Anawaambia duara likiwa na "hewa nzito" washushe mpira, wafungulie dakika 10, kisha washuke kazini. Chini kule kuna taa za betri zinazotoa cheche, kuna mafuta ya pampu, kuna vijana wanavuta sigara. Alikuwa ameshawakodishia maduara manne. Nilipomuuliza anapima vipi kama hewa imekuwa safi, akanionyesha mshumaa.

Basi tuje kwenye mshumaa. Huo umezika watu, na wewe umeuleta kwenye hadithi kama mizani ya uhai.

Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka karibu asilimia 16. Wale watu 8 wa Arizona waliishi kwenye hewa ambayo mshumaa usingewaka. Kwa hiyo kuzimika kwake hakumaanishi umekufa. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa linaloua ni la upande wa pili: mshumaa unawaka vizuri kabisa, unameremeta, ndani ya kaboni monoksaidi iliyotosha kumlaza mtu asiamke. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyong'ang'ania. Sehemu moja kati ya elfu ya hewa inatosha kuua kwa saa chache.

Na hapa mwili wenyewe unakudanganya. Kile kinachokufanya uhisi umebanwa pumzi ni hewa ukaa kupanda. Oksijeni ikikosekana peke yake, au damu ikishikwa na kaboni monoksaidi, kengele hiyo hailii. Mtu anaumwa kichwa kidogo, anasikia uvivu, anasema "ngoja nipumzike hapa," anakaa. Wenzake juu wanadhani amesinzia.

Kaboni monoksaidi inatoka wapi? Kwa Nzega, mara nyingi inatoka kwenye injini. Masika maji yanajaa duarani, mwenye duara anashusha pampu ya petroli hadi chini kwa sababu mpira wa kuvutia ni mfupi, inanguruma saa moja, inazimwa, mtu anashuka. Injini ikae juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo unapeleka moshi porini. Mpira mfupi ununue mwingine. Baada ya baruti msishuke kwa sababu tu vumbi limetulia. Pelekeni hewa chini kwa feni na bomba lifike mpaka sakafuni, maana hewa ukaa ni nzito na hukaa chini kama tope. Kipima gesi kinatangulia kwa kamba, mtu anafuata. Bei yake naijua, na nimeona wanaolalamikia bei hiyo wakinunua pikipiki ya pili.

Wala usiseme wewe wa Urambo hayakuhusu. Mnaokausha tumbaku mnajua moto wa bani, lile banda la kukaushia. Na Juni usiku ukiwa na baridi, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanaziba dirisha kwa kitenge, wanalala. Mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio wanaouamini kwa sababu hauwashi macho. Gesi ni ile ile. Nimewahi kuulizwa kama kuweka chungu cha maua pembeni ya jiko kunasaidia. Nilikaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu.

Swali lako la mwisho, kuhusu shujaa kuingia kwenye handaki la moshi amtoe baba yake. Bila kinyago chenye hewa yake mwenyewe, atatembea hatua kadhaa akijiona yuko sawa, atamkuta baba, atamshika kwapani, miguu itamlegea hapo hapo. Kwamba ataingia, sikupingi. Nimeona ndugu wakivutana na watu watano mdomoni mwa duara ili waachiwe washuke. Hiyo sehemu ni ya kweli kuliko zote ulizoandika. Ila kamba unayoivuta mwisho wa sura, iandikie uzito wa watu wawili.