Mwili hauzoei saa tisa usiku: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, sikutaka kujibu kwa simu maana kwenye simu ungeishia kuniambia "baba nipo poa" na mimi ningesema haya kazi njema, na hili jambo sio la kuliacha hivyo. Umeniambia ulitoka Morogoro saa saba usiku ukaja kushtuka uko Gairo, na Dumila hukumbuki uliipitaje, abiria wamelala, gari iko kwenye njia yake wala hakuna aliyeshtukia kitu. Unauliza ni ugeni wa ruti ya usiku au nini, na kama mwili utazoea.

Nianze na hilo la mwisho. Hautazoea. Wewe ndo utazoea, utaona kawaida, ila mwili hapana, na hicho ndo kinachonitisha kuliko hata huko kutokumbuka Dumila.

Sasa huko kutokumbuka kuna aina mbili. Ya kwanza inampata kila dereva hata mchana kweupe: barabara umeshaipita mara nyingi, mikono na miguu inafanya kazi yenyewe, ubongo hauoni kitu kipya cha kuweka kumbukumbu, unafika hujui umefikaje lakini muda wote ulikuwa macho. Ya pili ni ule usingizi wa sekunde tatu nne, macho mengine yanakuwa hata hayajafumba lakini akili imezima. Ukishafika zote mbili zinafanana, kwa hiyo jaribu kukumbuka vizuri. Matuta ya pale Dumila ulipunguza mwendo au basi liliruka? Kuna mahali tairi la kushoto lilikanyaga nje ya lami? Shingo ilikuuma? Muulize na konda, ila muulize kwa upole asije akaogopa kusema, maana konda mara nyingi anaona kichwa cha dereva kinainama anaogopa kumwambia mkubwa wake.

Mimi nadhani ilikuwa ya pili, na ntakwambia kwa nini. Mkeo kaniambia siku ile uliamka saa kumi na mbili asubuhi ukampeleka mtoto shule, mchana ukashinda gereji na mafundi wa breki, saa tatu usiku ukaondoka na basi stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Hesabu mwenyewe mpaka saa tisa usiku pale Gairo, ni masaa 21 hujalala. Mwaka 1997 kuna watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu wakiwa wamekesha na wakiwa wamekunywa pombe, wakakuta mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha masaa 24 ni kama mwenye 0.10, ambapo sehemu kubwa ya Uingereza kisheria mwisho kwa dereva ni 0.08. We ulikuwa hapo katikati. Pombe hunywi na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mikono iliyoshika usukani Gairo ilikuwa ya mtu aliyekunywa.

Alafu kuna saa yenyewe. Mwili una saa yake ya ndani inayofuata mwanga wa jua, na kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri inashusha kila kitu, joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, kuitikia kitu cha ghafla kunachelewa. Hata ulale mchana kutwa bado hiyo saa itakushusha, ila kidogo. Na haihami, maana kila asubuhi ukishuka kwenye gari jua linakupiga usoni na mwili unajua ni asubuhi kama kawaida. Mchana nako kuanzia saa saba hivi kuna kushuka kwingine kadogo, ule uzito ambao watu wanausingizia ugali tu.

Ongeza na barabara yenyewe. Nyie mnapenda kunyooka kwa njia ya Manyoni kwenda Singida, hakuna kona, hakuna watu, mnasema ni kupumzika. Hapana, hapo ndo akili inachoka haraka. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na askari wa kuangalia rada, wanatafuta alama ndogo masaa kwa masaa, sasa mtafiti mmoja anaitwa Mackworth akawapima watu kwa kuwapa waangalie mshale kama wa saa ambao mara moja moja unaruka hatua mbili badala ya moja, na matokeo aliyoyatoa 1948 ni kwamba nusu saa tu ikishapita watu wanaanza kukosa kuona mruko. Nusu saa! Na hao walikuwa wamekaa kwenye kiti hawana abiria hamsini mgongoni.

Sasa ona inavyokuwa kwenye lami. Kwa spidi 80, basi linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde nne za kuzima ni karibu mita 90, yani mabasi saba yamepangwa kichwa kwa mkia, hakuna mtu anayeendesha. Hata ukiwa macho kabisa, kuona kitu na mguu kugusa breki inachukua kama sekunde moja na nusu, mita 33 zimeenda kabla breki haijaanza kazi. Na usiku unaonaje? Umepishana na semi, taa zake zimekupiga, umeshusha dipu, mbele kuna fuso limekufa halina hata riflekta, dereva wake kaweka matawi ya mti barabarani na majani yenyewe yameshanyauka yana rangi ya lami. Hapo mtu aliyelala vizuri anahangaika, sembuse wewe na masaa yako 21.

Nirudi kwenye kuzoea. Marekani mwaka 2003 walichukua watu wazima wenye afya, kundi moja wakawaacha walale masaa sita tu kwa usiku kwa wiki mbili mfululizo, sita sio machache, madereva wengi tunaona sita ni neema. Mwisho wa wiki mbili umakini wao ulikuwa umeshuka mpaka kufanana na watu waliokesha kabisa usiku mmoja mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, wakasema usingizi upo kidogo tu. Kwa hiyo mwanangu, kujisikia poa achana nako, sio kipimo. Wewe kwa akili yako yote na leseni yako safi huwezi kujipima mwenyewe saa tisa usiku, kwa sababu kinachopima ndo hichohicho kilichochoka. Mimi nilipoanza kufundisha madereva hicho ndo kilikuwa kigumu kuwaingia wazoefu, kila mmoja anakwambia "mimi najijua". Angalia saa. Umelala masaa mangapi na uko macho tangu lini, basi, hayo mawili yanatosha kukwambia ukae kwenye usukani au umwachie dereva mwenzako.

Kufungua dirisha, mziki mkubwa, kujipiga makofi, havikupeleki mbali, dakika chache umerudi palepale. Mirungi na hizo enaji za chupa zinakuficha usingizi usiuone, na zikiisha unaanguka wote kwa mpigo. Kahawa inasaidia ila inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo mkisimama kuchimba dawa kunywa kikombe, alafu pale pale lala dakika 15 au 20, ukiamka kahawa inakuwa imeshafika. Usizidishe hapo, ukilala saa nzima ukaamka na kukamata usukani palepale unakuwa na ule ukungu wa kichwa, subiri kwanza ukae sawa.

Na simu ya tajiri mwenye basi usiipokee ukiwa unaendesha, hata ya masikioni. Macho yanakuwa barabarani, akili iko kwenye hesabu.

Kuhusu mwenzako, najua ni mtu mzima na unamheshimu, lakini mkae mpange upya. Yeye kwa umri wake macho yakipigwa na taa yanachelewa kurudi, hilo sio kosa lake ndo mwili, wewe kijana macho unayo ila usingizi wa saa tisa vijana unawakamata zaidi kuliko watu wazima. Msisubiri kupokezana Dodoma. Pokezaneni Morogoro, tena Gairo kama inabidi, na kipande cha saa nane mpaka kumi na moja akichukue yule aliyelala mchana wa siku hiyo, kwa zamu, sio kila siku yeye kwa sababu amekuzidi umri wala kila siku wewe kwa sababu ni mdogo. Tajiri akiuliza mwambie gari inafika muda uleule, na siku ya safari gereji aende mtu mwingine, deiwaka, vibarua wa siku moja, wapo. Akikataa nipigie, ntakuja kuongea naye mimi mwenyewe, sio kwa shari.

Kinachobaki ni usingizi wa mchana, na kule kwako Mbagala najua ni bati, joto, na spika za jirani. Mama yako anasema ukishuka Mbezi uje moja kwa moja hapa Kimara, chumba cha nyuma kina feni na leo fundi amekuja kupima dirisha aweke pazia zito. Mtoto mkeo atampeleka shule, tumeshaongea naye. Nijibu hilo la matuta ya Dumila na alichosema konda kabla hujapanda tena gari.

Baba yako