Muulize Fundi: Bomba linavishwaje nguo kwa ndani?

*Shikamoo fundi. Nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Tanga ina bomba la choo la udongo linalopita chini ya sebule hadi chemba ya uani. Limepata ufa na sebule inanuka. Fundi wetu anataka kuvunja sakafu ya terazo ambayo baba aliisugua kwa mikono yake. Nimesikia kuna nchi wanaingiza kitu kama soksi ndani ya bomba bovu, likawa jipya. Ni kweli au porojo?*

Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa. Mwaka 1971, Mwingereza Eric Wood aliukarabati hivyo mfereji wa majitaka wa matofali huko Hackney, mashariki mwa London, bila kuufukua. Alitumia mfuko mrefu wa felti, ile nguo nzito kama blanketi, uliolowa rezini, yaani gundi ya majimaji inayoganda. Rezini ikikauka, mfuko unakuwa bomba gumu ndani ya bomba la zamani.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na nilipoelezwa kazi hii mara ya kwanza nilimwona mama akigeuza mkono wa shati. Ndivyo inavyofanyika mara nyingi siku hizi. Mdomo wa mfuko hukunjuliwa na kufungwa kwenye mwanzo wa bomba, kisha maji au hewa husukuma sehemu iliyobaki ipite katikati, ikijigeuza ndani nje huku ikisonga mbele. Upande uliolowa rezini unaishia kugusa ukuta wa bomba bovu, na upande wenye ngozi ya plastiki unabaki ndani, unateleza. Kwa kuwa mfuko haukokotwi ukutani, rezini haifutiki njiani. Halafu huingizwa maji ya moto au mvuke, na baada ya saa kadhaa rezini imeganda. Matundu ya mabomba madogo yaliyozibwa hutobolewa upya na kikataji chenye kamera. Kipenyo hupungua kidogo, lakini maji mara nyingi hupita vizuri zaidi kwa sababu ndani pamelainika.

Bomba lililobomoka haliokolewi hivyo, na mizizi lazima ikatwe kwanza. Rezini ya poliesta nayo hutoa harufu kali, ileile ya kwenye karakana za boti za faiba, kwa hiyo wenye nyumba hufungua madirisha na kujaza maji kwenye trapu, zile kona za bomba zinazobaki na maji, za sinki na sakafu ili harufu isipande juu.

Sasa sebule ya baba yako. Kabla nyundo haijainuliwa, ziba bomba upande wa chemba, jaza maji hadi karibu na usawa wa choo, weka alama, subiri nusu saa. Yakishuka, bomba linavuja kweli. Yakitulia, tafuta harufu kwenye trapu iliyokauka. Na kama linavuja, kwa nyumba moja ningeliacha bomba la zamani lilale humo humo. Pitisha bomba jipya la PVC la inchi 4 nje ya ukuta, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, hadi chemba. Utavunja pale kwenye choo tu. Terazo iliyosuguliwa kwa mkono hairudi mwanangu, usikubali ivunjwe kwa kubahatisha.

*Dada fundi, mpira wa haidroliki wa trekta letu hapa Kilombero, ule unaopitisha mafuta yenye presha, hupasuka kila msimu palepale, shingoni mwa feruli, ile pete ya chuma inayoubana mwishoni. Kijana wetu huufunga kwa mpira wa baiskeli na klipu. Tunakosea wapi?*

Kaka, hiyo klipu itoeni leo. Tairi la gari dogo lina presha ya baa 2 na ushee. Haidroliki ya trekta huweza kufika 150 au 200. Leta kipande cha mpira wenu wa zamani nikukatie, uone: ndani kuna mpira laini unaozuia mafuta, katikati waya wa chuma uliosukwa kama ukili, nje mpira mwingine wa kukinga jua na mikwaruzo. Presha yote inabebwa na ule msuko. Ukiona waya umetokeza na umeshika kutu, mpira huo umekwisha.

Kupasuka palepale kunaniambia mpira wenu ni mfupi. Presha ikiingia, mpira wa mita 1 unaweza kupungua urefu kwa hadi sentimita 4, na kama ulifungwa ukiwa umekaza, shingo ndiyo inayolipa. Ongezeni urefu, na usianze kukunjwa papo hapo kwenye feruli. Angalieni pia maandishi ubavuni: yakijizungusha kama kamba, mpira ulisokotwa wakati wa kukaza nati.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mwenzangu wa karakana alipitisha kidole kutafuta mvujo. Aliona kitone kama cha sindano pale mafuta yalipopenya ngozi, akacheka, akaendelea na kazi. Usiku mkono ulivimba, akapoteza kidole. Tafuteni mvujo kwa kadibodi iliyoshikwa kwa fito. Na yeyote akichomwa na mafuta hayo, hata kama hasikii maumivu, mpelekeni hospitali saa ileile na mumwambie daktari kwamba yaliingia kwa presha.