Kabla hujabadilisha prosesa na ubao mama

Kompyuta ya mezani ikianza kujikokota, wa kwanza kulaumiwa ni prosesa, chipu inayoendesha kazi za kompyuta. Pengine ni kwa sababu jina lake ndilo limebandikwa kwenye kasha. Nimewafungulia watu kompyuta za kutosha kujua kwamba mara nyingi anayeshtakiwa siye.

Kwa hiyo weka bisibisi pembeni kwanza. Fungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyotumika), kisha fanya kazi ile ile inayokukera na utazame kipi kinajaa. Diski ikigonga asilimia 100 huku prosesa inazubaa kwenye 15, unachohitaji ni SSD, diski yenye kasi zaidi, basi. RAM (kumbukumbu ya muda) ikijaa, ongeza RAM. Kwa michezo, tazama kadi ya michoro: ikiwa inafanya kazi karibu asilimia 99 muda wote, prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Ukiwa na shaka, punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo. Fremu (picha kwa sekunde) zisipopanda hata kidogo, hapo kweli prosesa ndiyo inayochelewesha.

Ila ile asilimia ya prosesa inahitaji jicho kali. Prosesa ya viini vinne (sehemu zake zinazofanya kazi sambamba) inaweza kusoma asilimia 25 tu, ukadhani imepumzika, kumbe programu yako haijui kugawa kazi na inatumia nguvu za kiini kimoja hadi mwisho. Kuongeza viini hakutasaidia hapo; unatafuta prosesa ambayo kila kiini chake kina kasi zaidi.

Halafu kuna joto. Kompyuta inayoanza vizuri kisha inachoka baada ya dakika chache huenda inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ondoa vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, kisha pima tena. Wapo walioniletea mashine wakitaka nyingine, wakaondoka na ile ile.

Tuseme umepima na prosesa ina hatia kweli. Swali langu linalofuata huwa moja: ubao mama ulionao, yaani bamba ambalo prosesa na vipuri vingine huchomekwa, unakubali prosesa gani ya juu kabisa? Kubadilisha prosesa juu ya ubao ule ule ni kazi ya mchana mmoja. Kubadilisha ubao ni karibu sawa na kuunda kompyuta upya.

Wenye soketi (nafasi ya prosesa kwenye ubao) ya AM4, ya kampuni ya AMD, wana bahati. Prosesa zake za Ryzen za kwanza zilitoka 2017, na mbao nyingi za wakati huo, zikiwekewa BIOS mpya (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta), hupokea hata Ryzen 7 5800X3D ya 2022. Mimi nilitoka Ryzen 5 1600 nikaenda 5600 juu ya ubao ule ule wa B350. Kwenye michezo tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Kwenye kuvinjari na kuandika, sema kweli, sikuona chochote. Kwa upande wa Intel usiamini umbo la soketi peke yake: prosesa za kizazi cha 8 zinatumia LGA1151 kama za kizazi cha 6 na cha 7, lakini mbao za vizazi hivyo hazizitambui. Ingia kwenye tovuti ya aliyetengeneza ubao, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome pia toleo la BIOS linalotakiwa. BIOS hiyo iweke wakati prosesa ya zamani bado iko ndani, maana ukishaitoa huenda ubao usiwake na mpya.

Kwenye AM4 kuna jambo moja la mkono. Pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na pesti kavu hushika kama gundi. Ukiivuta feni na kipoza joto chake moja kwa moja juu, prosesa hung'oka nayo soketi ikiwa bado imefungwa, na pini hupinda. Iache kompyuta ifanye kazi kidogo mpaka ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha kipoza joto kushoto na kulia taratibu mpaka uhisi kimeachia. Ndipo uinue.

Ubao ukilazimika kubadilishwa, hesabu mlolongo mzima. AM5, soketi iliyofuata AM4, inatumia RAM ya aina ya DDR5 tu, kwa hiyo RAM yako ya DDR4 inabaki mezani. LGA1700, soketi ya Intel, ina mbao za DDR4 na za DDR5, lakini RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Kwenye LGA1700 matundu ya kufungia kipoza joto nayo yalihama, nafasi kati yake ikatoka milimita 75 kwenda 78, hivyo ulizia vishikizo vyake. Kompyuta za ofisini zilizoundwa kiwandani ndizo zinaniudhi zaidi: nyingi zina plagi za umeme na umbo la ubao vya kipekee, na ubao wa kawaida hauingii humo hata ukibembeleza. Hizo siziwekei ubao mpya.

Windows nayo ina yake. Leseni iliyokuja na kompyuta kwa kawaida imefungwa kwenye ubao. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo, nakili ufunguo wa kuirejesha mahali pengine kabla ya kugusa chochote, hata kama unabadilisha prosesa tu.

Wengi siku hizi wanasukumwa na Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliisha muda wake wa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa ujumla inataka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri. Kabla ya kununua, ingia kwenye BIOS: mara nyingi TPM ipo ila imezimwa.

Mpaka wangu ni huu: kasha, kadi ya michoro, diski na pawa saplai vikiwa bado vizima, nabadilisha ubao, prosesa na RAM kwa mkupuo. Viwili kati ya hivyo vikiwa vimechoka, nanunua kompyuta nzima. Na ubao wa zamani usiuuze mpaka mpya umefanya kazi zako zote nzito kwa siku kadhaa bila kujizima.