Kaka, usiguse kitasa cha shemeji yako hiyo Jumamosi

Nimesoma uzi wako nikaacha kula. Mama ana miaka 74, kiwanja kina jina lake, mdogo wako kahamia Mwanza kwa mwanamke mwingine, mkewe kabaki na watoto vyumba vya uani, mama kamchoka, na Jumamosi mnaenda na fundi kubadilisha vitasa. Weee! Msiende.

Sisi tulienda. Tabata, 2022, mambo yale yale kabisa, hati jina la bi mkubwa. Kuna jamaa anashinda nje ya mahakama na faili kwapani, wakili kishoka, na msinicheke maana mngemwona alivyofunga tai na nyie mngemwamini. Alikula laki sita yetu, akatuandikia notisi ya siku saba yenye mihuri miwili, akasema baraza la kata siku hizi halina meno, siku zikiisha toeni vitu. Mwongo mkubwa yule! Kweli tangu 2021 baraza la kata halitoi hukumu, ila kusuluhisha wanasuluhisha, na baraza la ardhi na nyumba la wilaya wanataka cheti cha kata kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite kata hawajamaliza. Hilo hakulisema, laki sita zilishaingia mfukoni.

Tulitoa vitu saa nne asubuhi shemeji yuko sokoni. Friza, cherehani, magodoro, tukapanga chini ya mwarobaini. Saa nane mvua ikashuka. Binti yake wa darasa la tatu akawa anaokota madaftari yaliyolowa anayaanika kwenye kamba ya nguo, moja moja, kwa vibanio, wala hatuangalii usoni. Mpaka leo ile picha hainitoki.

Jioni difenda ikapaki getini. Nimelala mahabusu siku mbili, kosa kuharibu mali, na mama mwenye nyumba yake kesho yake kakaa benchi la kituo tangu asubuhi na presha yake akisubiri kuandika maelezo. Shemeji akaenda baraza la ardhi akapata zuio, basi sisi wenye hati ndo tukawa wadaiwa. Vitu peke yake tulilipa milioni tatu na laki nane, bado wakili wa kweli.

Na kinachoniuma, kesi tulikuwa nayo! Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi tu, mwalikwa hageuki mmiliki wa ardhi ya aliyemkaribisha hata akae miaka mingapi. Shemeji alichokuwa nacho ni plasta, mabati na mita ya LUKU aliyovuta kwa hela yake ya vitumbua, na hiyo ilikuwa haki yake tumrudishie. Mwishoni ndo tulichofanya, tukaandikishana pale pale barazani, akapewa miezi sita, akahama mwenyewe kwa amani. Hayo yote yangewezekana siku ya kwanza.

Kitasa anakibadilisha dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Sio fundi, sio wewe, sio vijana wa kijiweni, hata hati iwe na jina la mama mara kumi.

Mpigie fundi leo leo mwambie asije. Jumatatu mpeleke mama kata na hati yake, na shemeji mwambieni wenyewe kabla hajasikia kwa majirani.