Majibu kwa wafugaji: shayiri ya kwenye trei

Kila kiangazi kikikaza na gunia la chakula cha ng'ombe likipanda bei, wafugaji wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya huulizia lishe ya haidroponiki, yaani nafaka inayooteshwa kwenye trei kwa maji matupu bila udongo, ikavunwa baada ya wiki moja hivi. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi, na baadhi nimeyafupisha.

Hujambo mwalimu. Nina ng'ombe wawili aina ya Friesian. Muuza trei ameniambia kilo moja ya shayiri inatoa kilo nane za lishe, na kwamba nikiwa na trei zake sihitaji tena nyasi ndefu za nepia wala nyasi kavu. Nichukue mkopo wa chama ninunue? — Mfugaji, Njoro

Sijambo ndugu yangu. Usiguse mkopo huo kabla hujapima mwenyewe. Kilo nane zinawezekana, ingawa kilo sita ndiyo kawaida zaidi, lakini kilichoongezeka hapo ni maji. Mbegu ikianza kuota hula wanga wake yenyewe ili ipate nguvu ya kutoa mizizi na majani. Kilo moja ya shayiri kavu ina takriban gramu 900 za chakula halisi, yaani ukiondoa maji. Ikishakuwa kilo sita za majani mabichi, zinabaki kama gramu 780. Yaani umevuna mzigo mkubwa wenye chakula pungufu kuliko ulichoanza nacho.

Hakikisha kwa mikono yako. Kata kilo moja ya ule mkeka unaotoka kwenye trei, majani na mizizi pamoja, uukatekate vipande vidogo, uanike kwenye nailoni juani mpaka ukiufikicha unavunjika. Rudisha kwenye mizani. Utakuta gramu 150 hivi, pengine hata chache kuliko hizo.

Sasa mtazame ng'ombe wako. Mwenye uzito wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka zote zitoke kwenye trei, itabidi ale kilo 80 za majani hayo kila siku, mmoja tu. Na hata kama ungezipata, tumbo lake halikuumbwa kwa chakula laini namna hiyo. Anahitaji nyuzi ndefu za nyasi ili acheue, mate yatoke kwa wingi na tumbo lisichachuke. Ukimnyima nyuzi, mafuta ya maziwa hushuka, kinyesi huwa majimaji, na mwisho ng'ombe mwenyewe hudhoofika.

Faida ipo, siikatai. Majani yale yana vitamini nyingi, ng'ombe huyapenda sana, na Februari nyasi zikiwa zimekauka kuna thamani ya kuwa na kitu kibichi. Mpe kila mmoja kilo 8 hadi 10 kwa siku juu ya nepia na nyasi kavu, na umzoeshe polepole kwa wiki mbili. Upande wa gharama, chukua bei ya kilo ya shayiri, igawanye kwa 0.78, kisha ongeza maji na saa za mtu anayenyunyizia. Linganisha na gharama ya shayiri hiyo hiyo ikiparazwa na kuliwa kavu, bei yake ukiigawanya kwa 0.9. Nionavyo mimi, kwa mtu wa Njoro mwenye shamba la nepia na nyasi kavu za kununua jirani, kuparaza kutashinda mara nyingi. Ukitaka kujaribu, anza na trei chache ulizotoboa mwenyewe, kwa pesa zako.

Mimi ni mama wa mbuzi wa maziwa huku Kibos. Siku ya tano trei zangu zinatoa harufu na kuna kitu cheupe chini. Jirani anasema ni mizizi tu, niwape. Ni kweli? — Kibos, Kisumu

Mama, kwanza usiwape mpaka uwe na hakika. Mizizi ni myeupe, kweli, lakini ni nyuzi zilizonyooka, safi, na ukiinua mkeka hunukia kama majani mabichi. Kuvu ni utando kama pamba chafu unaozishika mbegu pamoja, mara nyingi penye mbegu zilizovunjika au maji yaliyotuama, na baadaye hugeuka kijani, kijivu au cheusi. Pitisha kidole: utando unateleza na kushikamana na ngozi, mizizi haifanyi hivyo. Kwa kuwa umeshasikia harufu, mimi ningeitupa trei yote. Kukata sehemu mbovu na kutoa iliyobaki hakusaidii, kwa sababu sumu huwa imeenea pasipoonekana kwa macho.

Nalisema hili kwa uzito kwa kuwa kuna kuvu mmoja, *Aspergillus clavatus*, anayependa sana nafaka iliyooteshwa. Kuvu huyo ameshaua ng'ombe na kondoo katika nchi kadhaa. Mnyama hutetemeka, hutokwa na mate, miguu ya nyuma hulegea na kujikunja kwenye kifundo, na wengine huanguka wakashindwa kuinuka huku bado wanataka kula. Sumu yake haina dawa. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, simamisha lishe hiyo saa hiyo hiyo na umwite daktari wa mifugo. Tena nafaka yenye kuvu inaweza kuwa na aflatoksini, sumu nyingine ya kuvu, ambayo hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Joto la Kisumu ndilo linalokupa shida. Shayiri hupenda nyuzi joto 18 hadi 22, na huko mchana hufika 30 bila taabu. Weka trei mahali penye kivuli na upepo, mbali na bati. Osha mbegu mpaka maji yawe maangavu, utoe zinazoelea na zilizovunjika. Ziloweke nusu saa katika maji yenye klorini ya kufulia isiyo na manukato, nusu lita kwa ndoo ya lita 20, kisha suuza mpaka harufu iishe ndipo uziloweke kwa maji safi usiku kucha. Zitandaze kwa unene wa sentimita moja hadi mbili tu. Wengi hujaza trei ili wavune zaidi, na katikati panakuwa na joto na panaoza. Trei iwe na matundu na iinamishwe kidogo. Kila ukivuna, isugue kwa sabuni na klorini na uianike juani. Huko kwenu vuna siku ya sita, usisubiri ya nane.

Shayiri haipatikani kwetu. Naweza kutumia mahindi au mtama? Nina pia mbegu za mahindi zilizobaki baada ya kupanda. — Bungoma

Mahindi yanaota vizuri, ila hutoa majani machache kuliko shayiri, na sipendi kuona debe la ugali likienda kwenye trei wakati mabua ya mahindi yanachomwa shambani. Ngano ni bora zaidi ukiipata.

Mtama, usithubutu. Mche mchanga wa mtama una sumu ya sayanidi, na ng'ombe anaweza kufa muda mfupi baada ya kuula.

Na hizo mbegu zilizobaki, zenye rangi ya waridi, kijani au buluu, zimepakwa dawa. Kuosha hakuondoi. Zihifadhi kwa msimu ujao au uzirudishe dukani wakikubali, lakini zisifike kwa mnyama, kuku wala mtu.

Ni mbolea gani ya kuweka kwenye maji? — Rongai, Nakuru

Hakuna. Kwa siku saba mche unaishi kwa akiba iliyo ndani ya mbegu. Maji safi yanatosha.

Nina robo ekari tu. Nepia yangu imedumaa, majani ya manjano, ikikatwa haichipui vizuri. Si afadhali ning'oe yote niweke trei? — Vihiga

Pole sana mzee wangu. Unavyoieleza, hiyo inafanana na ugonjwa wa kudumaa kwa nepia uliosambaa magharibi, unaoenezwa na wadudu na kwa kupanda vipande kutoka mashina yenye ugonjwa. Ng'oa mashina yaliyoathirika na mizizi yake, usiyagawie jirani. Ila nafasi yake usiiachie trei.

Robo ekari ni ndogo, lakini ina mipaka, na mipaka ndiyo mali yako. Panda kaliandra, mti mdogo wa lishe, kwenye ua: kilo tatu za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha gunia. Palipokuwa na nepia panda nyasi za brachiaria, na kati ya mistari ya mahindi weka desmodiamu, mmea wa lishe wa jamii ya kunde. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita wamefundisha mpangilio huo kwa miaka mingi, nao hupunguza kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na viwavi wa mabua kwa pamoja. Halafu kuna marando ya viazi vitamu, ambayo nyumba nyingi za Vihiga zinayo na kuyatupa. Yakinyaushwa nusu siku ni chakula kizuri mno kwa ng'ombe na mbuzi. Hivi vyote ukishavipanda havikudai nafaka kila wiki.

Kondoo wangu wapewe kiasi gani, na mbona trei zangu zinachelewa? — Molo

Kilo moja hadi moja na nusu kwa kondoo mzima kwa siku, wakiwa wameshakula nyasi. Kuchelewa kwa trei zako kunatokana na baridi. Funika trei kwa nailoni usiku, ukiacha pembeni hewa ipite, na loweka mbegu kwa maji ya uvuguvugu. Usihesabu siku, vuna majani yakifika sentimita 15.

Mbuzi wangu wanakula majani, mizizi wanaiburuta na kuikanyaga. Nifanyeje? — Kakamega

Mizizi na mbegu zilizobaki ndizo zenye sehemu kubwa ya chakula, kwa hiyo hasara ni kubwa. Usiwape mkeka mzima. Ukate kwa panga vipande vya ukubwa wa kiganja, uchanganye na nyasi kavu zilizokatwa, na uweke kwenye hori lililoinuliwa usawa wa kifua cha mbuzi. Wape asubuhi ile ile uliyovuna. Mkeka ukilala hadi kesho, huanza kuchacha.