Uza Kidani, Usiuze Masaibu ya Msichana

Tangu nianze kushughulikia mauzo na hesabu za kikundi cha kina mama kinachowafundisha kutunga shanga wasichana wa Kisauni na Likoni, mjini Mombasa, Kenya, walio katika hatari ya kuacha shule, kuozwa mapema au kuvutwa na biashara ya ngono ya ufukweni, nimekuwa nikiulizwa swali moja na wanaotaka kuanzisha shughuli kama hiyo: je, mapambo yanaweza kweli kulipa karo? Yanaweza kusaidia sana, kwa sharti kwamba mnunuzi amekipenda kidani chenyewe. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, hupiga picha, hurudi kwao, na mwezi unaofuata kikundi huanza tena kutafuta mwenye huruma mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni ule ambao wafadhili huupinga zaidi. Kadi ndogo inayofungwa kwenye kikuku isiwe na picha ya msichana, wala jina lake, wala habari za yaliyomfika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata mzazi akitia saini, mimi bado ningekataa. Mombasa ni mji wa watu wanaojuana. Kadi iliyotundikwa dukani Nyali asubuhi, habari zake zitakuwa zimefika Majengo kabla ya magharibi, na binti atasemwa kwa jambo ambalo hakulitaka wala hakulitenda. Kadi ieleze shanga ni za nini, zimetungwa vipi, na mapato yanagawanywaje. Hayo yanamtosha mnunuzi muungwana.

La pili linafuatana na hilo: wasichana watunge, watu wazima wauze. Nimewahi kuona vikundi vinavyowatuma mabinti na sinia za bangili pwani ya Bamburi kwa kuwa mgeni humwonea imani mtoto. Huko ni kumpeleka mahali pale pale ambapo tunadai tunamwepusha napo, tena tukimfundisha kwamba riziki hupatikana kwa kumsogelea mgeni na kumchekea. Muda wa kazi nao una mipaka yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na aliye kati ya miaka 13 na 16 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sisi hutunga Jumamosi na siku za likizo, na oda kubwa inayotaka kazi ya usiku hupewa kina mama au huachwa.

Bei ndiyo inayowashinda wengi, na hapa nitakaa kidogo. Tuseme kidani kinatumia shanga, uzi na kishikizo vya shilingi 250, na kinachukua saa nne ambazo unazilipia shilingi 100 kila saa. Ongeza shilingi 100 za kifuko, nauli na kodi ya chumba, na tayari umefika 750 kabla kikundi hakijapata faida yoyote. Duka likitaka nusu ya bei ya mwisho na kukiuza kwa 1,500, mnarudishiwa gharama zenu tu. Ili kikundi kibaki na shilingi 200, kidani kiuzwe dukani kwa 1,900. Kama hakuna atakayekilipa hivyo, wengi hukimbilia kupunguza ujira wa mtungaji, na wanapofanya hivyo kikundi cha kumkinga msichana kinakuwa kimegeuka cha kumnyonya. Kinachopaswa kubadilika ni umbo la kidani: tafuta mtindo wa saa mbili wenye rangi mbili tatu zinazokubaliana, gharama ishuke hadi 550, na duka liweze kukiuza kwa 1,500 huku kikundi kikibaki na shilingi 200 zile zile.

Maduka mengi yatakuomba mali kauli, yaani yachukue bidhaa leo na kukulipa yakishauza. Usikatae moja kwa moja, kwani mwenye duka naye hajui kama mali itatoka, ila andikianeni: vipande vingapi, bei gani, siku ipi ya kuhesabu, na nani anabeba hasara ya kilichopotea au kupauka kwa jua dirishani.

Wageni nao wana misimu yao. Masika yakiingia kuanzia Aprili, hoteli hupungukiwa na watu, na kikundi kinachotegemea watalii peke yao hukaa na njaa karibu robo ya mwaka. Wateja wa kudumu nimewaona kwa wenyeji. Harusi huja kwa wingi baada ya Idi, na mama anayemtengeneza bibi harusi hataki shanga za mtalii. Anataka kidani kinachokubaliana na leso na dhahabu, na vikuku vya sare kwa marafiki wote wa kike wa bibi harusi. Ni mnunuzi mgumu. Atavuta uzi kwa meno mbele yako. Lakini akiridhika, atakuletea nyumba nzima, na hatakuuliza hata mara moja mtungaji ana masaibu gani.

Kuhusu vifaa sina mengi. Shaba ya kuyeyushwa na mifupa ya ng'ombe ni vizuri na ni halali. Gamba la kasa na pembe za ndovu msiviguse hata mkiletewa bure, kwa sababu sheria ya wanyamapori inakataza. Ndoano za hereni ziwe zisizo na nikeli, kwani nikeli huwawasha wengi masikio, na Umoja wa Ulaya umeiwekea mipaka katika mapambo.

Mwisho ni fedha yenyewe. Karo ilipwe shuleni moja kwa moja na risiti ihifadhiwe. Ujira uandikwe katika daftari ambalo msichana mwenyewe analisoma na kulitia saini, hata kama pesa zinapitia simu ya mlezi, kwa maana akijua kiasi alichostahili ni vigumu kwa mtu kumficha. Na mfadhili aambiwe waziwazi kwamba shanga zinalipa watungaji, vifaa na sehemu ya karo, lakini hazimlipi mshauri nasaha wala mwanasheria. Binti anayepigwa au kutishwa nyumbani haokolewi na kikuku. Kwake kuna simu ya watoto ya 116, ambayo haina malipo, na ni lazima kikundi kiwe na mama mmoja aliyepewa kazi ya kuipiga na kulifuatilia shauri hadi liishe. Kazi hiyo iombewe ruzuku yake, iwe na hesabu yake, na isichanganywe na fedha za mauzo.